MAISHA YA ROBERT-HOUDIN, FUNDI SAA ALIYEJULIKANA KAMA MSOMA MAWAZO



Ni nani kati yetu asiyejua ule mchezo wa karata? Jioni, kisha chakula, mmoja anatoa karata katika mfuko wake, anazichanganya, anakuambia kamata moja, iangalie vizuri, usinionyeshe. Unaikamata, unaiangalia, unairudisha katikati ya zingine. Anachanganya tena. Anafunga macho, anashika kichwa sawa vile mtu anayeumwa, kisha anataja karata yako bila kukosa. Hapo wengine wanacheka. Wengine hawacheki. Wanasema, ule mtu si bure, ana kitu alichopewa kwao. Nimekwisha kuona mtoto wa kalasi ya kwanza akihamisha matandiko yake usiku juu ya kuogopa jirani aliyemtajia karata.

Katika gazeti letu la mara hii nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyefanya mambo kama haya mbele ya wafalme, na akayafanya vizuri kuliko wote wa wakati wake. Kazi yake ya kwanza haikuwa mchezo. Alikuwa fundi wa saa. Tena maisha yake yalimfikisha mpaka Afrika, kule Aljeria, na huko mchezo wake ukageuka kuwa jambo lingine kabisa. Njo maana nimeona inafaa tumjue.

MTOTO WA FUNDI SAA

Jean-Eugène Robert alizaliwa mwezi wa Desemba 1805 katika mji wa Blois, kando ya mto Loire, nchini Ufaransa. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa. Mtoto alikua katikati ya magurudumu madogo, misumari midogo na tupa, na vitu hivi ndivyo vilikuwa michezo yake.

Lakini baba, sawa vile baba zetu wengi, hakutaka mtoto wake akae na mikono yenye mafuta. Alitaka awe mtu wa kalamu. Alipofika miaka kumi na mmoja alimpeleka kusoma Orléans. Alipomaliza, akamweka kuwa karani kwa notere, yaani mtu anayeandika hati za mashamba na za urithi. Kijana alikuwa na mwandiko mzuri, lakini roho yake haikuwa pale. Notere alikuwa na tundu kubwa la ndege, na kijana akaanza kutengeneza vyombo vidogo ndani ya lile tundu, vya kuchezea ndege. Mwishowe notere mwenyewe akamshauri baba amwache kijana afuate kazi anayoipenda. Baba akakubali. Jean-Eugène akaenda kujifunza kazi ya saa kwa ndugu mmoja wa jamaa yao.

Hapo ndipo lilitokea jambo dogo lililogeuza maisha yake. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo ili anunue buku kubwa la Ferdinand Berthoud juu ya ufundi wa saa, lenye vitabu viwili. Mwenye duka akamfungia vitabu viwili katika karatasi. Kufika nyumbani na kufungua, kumbe si vile alivyoomba! Vilikuwa vitabu viwili vya michezo ya elimu: namna ya kuchezesha karata, namna ya kuficha kitu mkononi, na mambo mengine ya kushangaza watu. Mwingine angevirudisha kwa hasira. Yeye alivisoma usiku ule ule.

Lakini kitabu hakitoshi kufundisha mikono. Katika mji wao alikuwako mtu mmoja jina lake Maous. Kazi yake ilikuwa kukata sugu za miguu ya watu, na pia alijua kurusha mipira. Kijana akamlipa faranga kumi ili amfundishe. Alijizoeza mpaka akaweza kurusha mipira minne hewani huku anasoma kitabu kilichowekwa mbele yake. Alifanya hivi kusudi mikono iwe na kazi yake na macho yawe na kazi yake, na moja isisumbue nyingine. Tukumbuke jambo hili, maana litarudi mbele.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipata mwalimu mwingine, mchezaji wa kusafiri aitwaye Torrini, aliyemponya katika ugonjwa na kumfundisha mengi. Lakini watu waliotafuta habari za yule Torrini hawakupata alama yake popote, na wengi wao wanafikiri ni hadithi aliyoitunga. Nasema hili mapema ili tujue: mtu huyu alikuwa fundi wa kusimulia pia.

PARIS, NA JINA JIPYA

Mwaka 1830 alimwoa Josèphe Cécile Houdin, binti wa fundi saa wa Paris. Akahamia kule, akafanya kazi kwa baba mkwe, na akaunganisha jina la bibi yake na lake. Toka hapo akaitwa Robert-Houdin.

Mchana alitengeneza saa. Usiku alitengeneza watu wa mashine, yaani sanamu zinazotembezwa na magurudumu yaliyofichwa ndani. Moja ilikuwa sanamu ya mtu mdogo aliyeketi mezani, anaandika na kuchora. Katika maonyesho makubwa ya kazi za Ufaransa ya mwaka 1844 sanamu ile ilimpatia medali ya fedha, na kisha akamwuzia Barnum, yule Mmarekani aliyejulikana sana kwa maonyesho yake.

Musifikiri ilikuwa miaka ya raha. Watoto wanane walizaliwa katika nyumba yake na watatu tu wakabaki. Mwaka 1843 bibi yake akafariki. Baadaye alioa tena, na kazi yake ikaendelea.

Alitaka kufungua nyumba yake mwenyewe ya michezo, lakini pesa hakuna. Tajiri mmoja, bwana de l'Escalopier, aliyekuwa rafiki yake, akamkopesha. Tarehe 3 Julai 1845, katika jengo la Palais-Royal pale Paris, milango ikafunguliwa. Ilikuwa chumba kidogo, viti karibu 200 tu.

Ile siku ya kwanza haikwenda vizuri. Hofu ilimkamata, akasema haraka haraka, ulimi ukamkauka. Alilala bila usingizi, na asubuhi akaamua kuacha kabisa. Rafiki mmoja akaja kumwona, akamwambia amefanya vema kuacha, maana tangu mwanzo lilikuwa wazo la bure. Maneno yale yakamchoma. Akafungua tena nyumba yake, na mara hii akasema polepole. Hapana kushangaa, ndugu zangu. Wengi wetu tumekwisha kuacha jambo mpaka mtu aliposema hatutaliweza.

Wachezaji wengi wa wakati ule walivaa kanzu ndefu zenye nyota, sawa vile wachawi wa hadithi, na meza zao zilifunikwa nguo mpaka chini, mahali pa kumficha msaidizi. Robert-Houdin aliondoa yote. Alivaa koti jeusi kama bwana yeyote aliyealikwa kula jioni, na meza zake zilikuwa nyepesi, miguu yake inaonekana. Tena aliandika baadaye kwamba mchezaji wa kazi hii ni mtu anayeigiza kuwa mwenye nguvu za ajabu. Anaigiza tu, hana nguvu hizo.

MTOTO ALIYEONA MACHO YAKIWA YAMEFUNGWA

Sasa tufike kwenye lile lililomfanya ajulikane kuliko yote.

Siku moja alikuwa nyumbani, wavulana wake wawili wanacheza. Mmoja alimfunga mwenzake kitambaa machoni, akagusa vitu vya nyumbani na kumwuliza ni nini. Akipata, wanabadilishana. Mchezo wa watoto tu. Lakini baba aliangalia, na wazo likamwingia.

Tarehe 12 Februari 1846 alimleta mbele ya watu mwana wake mkubwa, Émile, aliyekuwa bado kijana mdogo. Alimfunga macho kwa kitambaa kizito na kumketisha jukwaani. Kisha baba akashuka katikati ya watu. Mmoja akampa saa yake, mwingine pete, mwingine pesa ya nchi ya mbali, mwingine kisanduku cha tumbaku. Kila mara baba aliuliza, na kule juu mtoto akajibu: ni saa, ya fedha, ni pesa, ya nchi fulani, ya mwaka fulani. Watu walitafuta katika mifuko vitu vigumu zaidi. Mtoto akajibu. Tangazo lililobandikwa lilisema kwamba mtoto yule ana jicho la pili la ajabu. Wengine wakaamini ni kipawa cha kweli. Mji mzima ukazungumza habari hiyo.

Alifanyaje? Sehemu ya kwanza ni alama za siri. Wachezaji wa zamani walikwisha kutumia njia ya maneno, na nitaifasiria kwa mfano nilioutunga mimi mwenyewe. Tuseme mimi na wewe tumepatana: nikianza na neno haya, ni saa, nikianza na neno sasa, ni ufunguo, nikianza na angalia, ni pesa. Kisha tumepatana tena: nikiongeza upesi, kitu ni cha fedha, nikiongeza tafazali, ni cha dhahabu. Basi nikisema, haya, jibu upesi, watu wanasikia mtu mwenye haraka tu. Wewe unasikia saa ya fedha.

Mukiangalia mutaona kwamba jambo hili ni jepesi kulieleza na gumu sana kulifanya. Vitu vya dunia ni vingi. Orodha ya maneno inapashwa kuwa na mamia, na yote yakae kichwani, na yatoke bila kusitasita. Tena watu wenye akili walianza kushuku maneno ya baba. Ndipo akaacha kusema. Akakamata kengele ndogo, akaigonga mara moja tu, na mtoto akajibu. Walioshuku maneno wakabaki midomo wazi. Alibadilisha njia kila mara watu walipokaribia kuivumbua. Namna yote ya kupitisha alama hakuifungua kabisa.

Lakini sehemu ya pili aliifungua katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1858, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Ni mafunzo ya kukumbuka.

Walianza na domino. Baba aliweka kipande kimoja mezani, tano na nne. Mtoto hakuruhusiwa kuhesabu nukta moja moja. Alipashwa kuangalia mara moja na kusema tisa. Kesho yake vipande viwili. Halafu vitatu, halafu vinne. Siku zikapita, mpaka wote wawili, baba na mtoto, waliweza kutaja jumla ya vipande kumi na viwili kwa kutupa jicho moja tu.

Kisha wakatoka barabarani. Walipita mbele ya duka la vitu vya kuchezea watoto, bila kusimama, wanaangalia tu. Hatua chache mbele kila mmoja alitoa karatasi na kalamu na kuandika vitu alivyoviona. Baba alifika karibu vitu thelathini. Mtoto mara nyingi alifika arobaini. Wakarudi dukani kuhakikisha. Siku nyingine tena, duka lingine tena.

Zaidi ya hayo walijifunza pesa za nchi nyingi, majina ya mawe ya thamani, vyombo vya mafundi na vya waganga wa hospitali, alama za jamaa kubwa za Ulaya, na herufi za lugha za kigeni. Alisimulia kwamba walipoalikwa katika nyumba ya mtu, Émile alipita tu karibu na kabati la vitabu, na baadaye, macho yamefungwa, aliweza kutaja vitabu vilivyopangwa mle. Wenye nyumba walifikiri jicho lake linapita ukuta. Jicho lilikuwa limepita mlangoni nusu saa mbele.

Basi, wapendwa, huyu mtoto hakusoma mawazo ya mtu hata mmoja. Alisoma kila kitu kingine.

HABARI ZA KARATA

Robert-Houdin alizipenda karata toka ujana. Mwaka 1861 alitoa kitabu kizima cha kufichua ujanja wa wezi wa karata, wale wanaocheza kwa pesa na kuwanyanganya wenzao. Mwaka 1868 akatoa kingine cha kufundisha kazi yake, na ndani yake karata zina nafasi kubwa.

Tujue walau njia moja, maana ndiyo inayodanganya wengi. Mchezaji anafungua karata mbele yako kama upepeo, anakuambia chagua unayotaka. Lakini yeye amekwisha kuijua karata moja, na anaitembeza polepole kusudi ifike chini ya vidole vyako saa ile ile unaponyosha mkono. Unaikamata, unafikiri umechagua mwenyewe. Yanayofuata, kufunga macho, kushika kichwa, kuvuta pumzi, yote ni mapambo. Kazi ilikwisha kabla hujaangalia karata.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 1847 yeye mwenyewe alipelekwa kumwona kijana mmoja wa Paris, Alexis Didier, aliyesemekana anaona katika usingizi. Walicheza karata, macho ya yule kijana yamefungwa, na Robert-Houdin akatoka bila kuweza kufasiria namna ilivyofanyika. Akakiri kwa maandishi. Mimi naona hapo fundisho: hata fundi mkubwa anaweza kukutana na jambo asilolijua. Kusema sijui si aibu. Lakini sijui si sawa na kusema ni nguvu za giza. Sijui maana yake ni sijui, basi.

UMAARUFU

Mengine nitayapita haraka. Mwaka 1847, wakati dunia inazungumzia etha, ile dawa mpya ya kulaza wagonjwa wanaopasuliwa, alimwonyesha mwana wake mdogo Eugène akielea hewani, kiwiko kimeegemea fimbo moja tu. Harufu ya etha ilijaa chumbani, na watu wengine wakamwandikia barua za hasira wakifikiri anamdhuru mtoto. Etha haikuwa na kazi yoyote katika mchezo ule. Ilikuwa harufu ya kuwapeleka watu mbali na siri.

Mwaka 1848 mapinduzi yalipovunja biashara ya Paris, alikwenda London, na mbele ya Malkia Victoria pia alicheza. Mwaka 1852 aliiacha nyumba yake mikononi mwa shemeji yake aliyeitwa Hamilton, akarudi kwao, kijijini Saint-Gervais karibu na Blois. Huko alijaza nyumba yake nyaya za umeme, wakati karibu hakuna mtu aliyekuwa nazo. Mgeni alipofika mbali kwenye geti, geti lilijifungua na kengele ikalia nyumbani. Farasi alipata chakula chake saa yake bila mtu kuingia zizini. Alichunguza pia macho ya binadamu na kutengeneza vyombo vya kuyapimia. Alidhani amemaliza kazi ya jukwaa.

ALJERIA, 1856

Ndipo barua ikafika kutoka serikali.

Wafaransa waliingia Aljeria mwaka 1830. Amiri Abdelkader alipigana nao mpaka mwaka 1847. Kisha yeye, milima ya Kabilia ilikuwa bado haijashindwa, na serikali iliwaogopa marabuti, wale watu wa dini walioheshimiwa sana na ambao wengine wao walionyesha maajabu ili kuwapa watu moyo wa kupigana. Kanali de Neveu, aliyesimamia mambo ya siasa kule Algiers, akapata shauri: tumlete Mfaransa mwenye maajabu makubwa kuliko yao, kusudi wakubwa wa Waarabu waogope.

Robert-Houdin akakubali. Alikuwa na miaka hamsini. Tarehe 28 na 29 Oktoba 1856 alisimama katika nyumba ya michezo ya Bab Azoun mjini Algiers. Mbele yake waliketi machifu waliotolewa pande mbalimbali za nchi, na askari pamoja nao.

Alikuwa na sanduku dogo. Sanduku hili watu wa Paris walilijua toka zamani. Chini lilikuwa na bamba la chuma, na chini ya jukwaa ilifichwa sumaku ya umeme. Umeme ukikatwa, mtoto mdogo analibeba. Umeme ukipita, mtu mwenye nguvu hawezi kulitikisa. Kule Paris alilionyesha kwa kucheka, akisema ni sanduku zuri la kutunzia mali, mwizi hatalibeba.

Kule Algiers alibadilisha maneno. Hakuzungumza tena juu ya mwizi. Alisema anaweza kumwondolea mtu nguvu zake zote. Akaita mtu mwenye mwili mkubwa. Yule akalibeba sanduku kwa mkono mmoja, akacheka. Robert-Houdin akanyosha mikono, akamwambia sasa umekuwa dhaifu kama mwanamke. Yule akavuta, akavuta kwa mikono miwili, jasho likamtoka. Sanduku halikutoka. Kisha umeme ukapitishwa katika mkono wa sanduku lenyewe. Yule mtu akatetemeka, akaanguka magoti, akapiga kelele, na alipoachiliwa akakimbia.

Tusimame hapa kidogo. Sanduku ni lile lile. Sumaku ni ile ile. Kilichobadilika ni maneno tu. Huko Paris waliolipa kiti walijua wamekuja kuchezewa, wakarudi nyumbani wamefurahi. Huku wale walioitwa na serikali iliyowashinda kwa vita waliambiwa kwamba Mfaransa ana uwezo juu ya miili yao.

Ile siku alifanya na mengine. Alimpa mtu bunduki ampige, na risasi iliyotiwa alama ikaonekana ndani ya tunda la tofaa. Alimfunika kijana mmoja juu ya meza, na alipofunua, kijana hayuko. Watu wakakimbilia milango, na huko mlangoni wakamkuta yule kijana amesimama. Siku chache baadaye machifu wakamkabidhi karatasi ya heshima yenye mihuri yao.

Alipotembelea ndani ya nchi, marabuti mmoja alimpinga na kumletea bastola mbili. Robert-Houdin aliomba ngoja mpaka asubuhi. Usiku alichanganya nta na masizi, akatengeneza risasi mbili zilizo wazi ndani, nyeusi kama za kweli. Moja aliitia damu kidogo aliyoitoa katika kidole chake. Asubuhi, kwa ufundi wa mikono, risasi za kweli zikabaki mkononi na za nta zikaingia katika bastola. Marabuti akapiga, na Mfaransa akaonyesha risasi kati ya meno yake. Kisha yeye akapiga ukutani, na ukuta ukaonekana unatoka damu.

Kwa haki yake niseme pia: aliandika kwamba kisha yale maonyesho watafsiri waliagizwa kuwaeleza machifu kwamba ni ufundi tu, si uchawi. Lakini yote haya tunayajua zaidi kwa kinywa chake mwenyewe. Wale waliotetemeka mbele ya sanduku hawakupata nafasi ya kuandika kitabu chao.

Je, shauri la kanali lilifaulu? Mwaka 1857, mwaka mmoja tu baadaye, ilibidi Marshali Randon apande Kabilia na jeshi kubwa. Kati ya waliompinga alikuwa mwanamke, Lalla Fatma N'Soumer, aliyekamatwa mwezi wa Julai mwaka ule. Mwaka 1871 Kabilia ikainuka tena chini ya El Mokrani. Na mwaka 1962 Aljeria ikapata uhuru wake. Sumaku inashika bamba la chuma. Moyo wa mtu haiushiki.

MWISHO WAKE

Mwisho wa Robert-Houdin ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1870 Ufaransa ilipigana na Wajerumani. Mwana wake Eugène, yule aliyeelea hewani akiwa mtoto, alikuwa kapiteni katika jeshi. Alijeruhiwa katika vita vya Woerth mwezi wa Agosti, akafa siku chache baadaye. Askari wa adui walifika mpaka Blois, na mzee akaificha jamaa yake katika pango karibu na nyumba. Fundi wa maajabu hakuwa na ajabu lolote la kumrudisha mwana wake. Tarehe 13 Juni 1871 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, miaka yake sitini na mitano.

Jina halikufa. Mwaka 1888 nyumba yake ya michezo ilinunuliwa na Georges Méliès, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wa kwanza kutengeneza sinema za maajabu. Kijana mmoja wa Marekani, Ehrich Weiss, alimpenda hata akajiita Houdini, na kisha, mwaka 1908, akamwandikia kitabu kizima cha kumpinga. Toka mwaka 1998 mji wa Blois una nyumba ya makumbusho ya kazi yake.

TUJIFUNZE NINI?

Mimi nimepata mambo matatu.

La kwanza. Kile watu walichokiita jicho la pili kilikuwa domino, karatasi na kalamu mbele ya dirisha la duka, kila siku. Sisi tunaolalamika kwamba kichwa hakikamati jiografia, tujiulize tumefanya mara ngapi zoezi la Émile.

La pili. Mtu akitutajia karata, tumpigie makofi, maana amejizoeza. Tusimkimbie usiku. Ule mtoto wa kalasi ya kwanza alirudisha matandiko yake siku alipoonyeshwa namna mchezo unavyofanyika, na leo yeye mwenyewe anawasumbua wengine kwa karata zake.

La tatu ndilo kubwa. Mchezo wenyewe si mbaya, na si mwema. Tuangalie maneno yanayoufuata. Mtu anayekushangaza kisha akakuacha uende nyumbani umecheka, ni mchezaji. Mtu anayekushangaza kisha akaomba mbuzi, pesa za masomo, sauti yako au utii wako, yeye anataka kitu kingine. Hapo usiangalie mikono yake tu. Uliza: juu ya nini anataka nimwogope? Na kama inawezekana, inama, uangalie chini ya jukwaa.